Mauzo ya usiku kuhesabiwa jana, na mwezi kukosa siku ya mwisho: jibu refu kuhusu tarehe na saa kwenye hifadhidata

Mkuu, umesema mfumo ni wa duka la dawa linalokesha hapo Dar es Salaam, hifadhidata ni PostgreSQL kwenye seva iliyoko Ulaya, na ripoti zina kasoro mbili. Mauzo ya baada ya saa sita usiku yanahesabiwa kwenye tarehe ya jana, na ripoti ya mwezi inatoka pungufu kwa sababu siku ya mwisho karibu yote haimo. Mjumbe mmoja amekushauri uongeze saa tatu kwenye kila kwiri (ombi unaloiandikia hifadhidata). Nakuomba usubiri kidogo. Hizo kasoro hazina chanzo kimoja, na kuongeza saa tatu bila kujua safu yako (column) imehifadhi nini kunaweza kukupa namba zinazovutia macho lakini si za kweli.

Nimeshughulika sana na mifumo ya maduka, zahanati na vyama vya kuweka na kukopa. Nikikabidhiwa hifadhidata ya mtu, kabla sijagusa ripoti yoyote huwa nahesabu rekodi kwa saa ya siku (hapa jedwali ni mauzo, na safu yenye tarehe na saa inaitwa wakati):

SELECT extract(hour FROM wakati) AS saa, count(*)
FROM mauzo
GROUP BY 1
ORDER BY 1;

Andika kwanza SHOW timezone; ili ujue muunganisho wako na hifadhidata unasoma kwa majira gani, yaani saa za eneo gani, kisha itazame orodha hiyo ukiwa na picha ya kazi yenyewe kichwani. Chukua zahanati ambayo foleni yake hujaa kati ya 09:00 na 11:00. Kama kilele kwenye orodha kipo 06:00 hadi 08:00, unachokiona ni UTC (saa ya marejeo ya dunia), maana sisi tuko saa tatu mbele yake na hatubadilishi saa mwaka mzima. Kama kilele kipo 03:00 hadi 05:00, tatizo ni kubwa zaidi: kuna mhudumu aliyejaza fomu kwa saa zetu za kila siku, akaandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, na mfumo ukapokea saa tisa za usiku. Ukikuta vilele viwili, ujue baadhi ya rekodi ziliwekwa na programu na nyingine kwa mkono.

Pengo la saa tatu linarekebishika ndani ya kwiri. Pengo la saa sita halirekebishiki hivyo, kwa sababu 3:00 hiyo inaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku na hakuna hesabu itakayokuambia ni ipi. Dawa yake iko kwenye fomu: mhudumu achague asubuhi, mchana, jioni au usiku, programu igeuze yenyewe kabla ya kuhifadhi. Na kwa wagonjwa wa usiku fomu imwonyeshe tarehe kamili, kwani anayesema "Ijumaa usiku saa nane" anaweza kuwa anauzungumzia usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi. Kwenye kumbukumbu za dozi hilo ni suala la usalama wa mgonjwa, silichukulii kirahisi hata kidogo.

Sasa turudi kwako. Andika \d mauzo, amri ya psql inayoonyesha muundo wa jedwali, uone aina ya safu. PostgreSQL ina mbili zinazochanganywa sana, timestamp na timestamptz. Zote hutumia baiti 8, na hakuna hata moja inayotunza jina la eneo. Tofauti ni kwamba timestamptz ni nukta halisi ya wakati: inahifadhiwa kwa UTC na kuonyeshwa kwa majira ya muunganisho wako. Ile timestamp tupu ni tarakimu tu, kama zilivyoandikwa, na hifadhidata haijui ni saa za wapi.

Ikiwa safu ni timestamptz, siku ya Dar es Salaam unaipata hivi:

(wakati AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date

Ikiwa ni timestamp tupu na ndani yake kuna saa za UTC, maneno hayohayo yatafanya kinyume kabisa. PostgreSQL itadhani tarakimu hizo tayari ni za Dar es Salaam na itazirudisha nyuma saa tatu. Hapo unatakiwa uiambie kwanza ni za wapi, ndipo uombe zigeuzwe:

(wakati AT TIME ZONE 'UTC' AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date

Nimeona watu wazima wenye uzoefu wakihangaika na jambo hili hili siku nzima. Na tafadhali usiandike AT TIME ZONE 'UTC+3'. Maandishi ya namna hiyo PostgreSQL inayasoma kwa kanuni ya POSIX (viwango vya mifumo ya Unix), ambako alama ya kujumlisha ni upande wa magharibi wa Greenwich. Utakuwa umejipeleka kwenye Atlantiki, saa sita kutoka pale ulipotaka kuwa. Tumia jina la eneo daima.

Kasoro ya pili haihusiani na majira. Umeandika wakati BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'. Tarehe isiyo na saa husomwa kama 00:00:00, kwa hiyo umeomba rekodi mpaka ile nukta tarehe 31 inapoanza, na mauzo ya siku hiyo yote yaliyofuata yamebaki nje. Wengi wakiligundua hilo huongeza 23:59:59. Bado kuna karibu sekunde moja nzima ya mwisho inayovuja, maana PostgreSQL huhesabu mpaka mikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde). Wanaotumia hifadhidata ya SQL Server wakiandika 23:59:59.999 kwenye aina ya datetime, thamani hiyo inakadiriwa kwenda juu na kuwa siku inayofuata, hivyo unaokota rekodi za 00:00:00 zisizo zako. Acha kabisa kuutafuta mwisho wa mwezi. Taja mwanzo wa mwezi, na mwanzo wa mwezi unaofuata bila kuujumuisha:

WHERE wakati >= timestamp '2024-03-01' AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'
  AND wakati < timestamp '2024-04-01' AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'

Hivyo huhitaji kukumbuka mwezi una siku ngapi, Februari ya mwaka mrefu haikusumbui, na kila rekodi inaangukia mwezi mmoja tu. Kuna faida nyingine hapo ambayo ukiwa na rekodi chache hutaiona: safu ya wakati imeachwa peke yake upande wa kushoto. Ukiandika WHERE wakati::date = '2024-03-15', faharasa (index) ya kawaida iliyo kwenye safu hiyo haitumiki na hifadhidata inapitia jedwali zima. Geuza mipaka, usiguse safu. Kugeuza safu kuwa tarehe kubaki kwenye SELECT na GROUP BY, baada ya rekodi kuwa zimeshachujwa.

Kama mwenye duka atafungua tawi Kigali, eneo la saa liwe safu kwenye jedwali la matawi, 'Africa/Kigali', kisha uandike AT TIME ZONE t.eneo, t ikiwa ni jedwali hilo la matawi. Rwanda iko saa moja nyuma yetu. Lubumbashi pia ni hivyo, na Kinshasa iko saa mbili nyuma.

Si kila tarehe ni nukta ya wakati, na hili nalisisitiza kwa sababu linawaumiza wazee wetu kwenye mifumo ya mafao. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya dawa kuisha muda, sikukuu: hizo ni siku za kalenda na aina yake ni DATE. Kuna mifumo inayohifadhi tarehe ya kuzaliwa kama saa 00:00 iliyopunguzwa saa tatu ili iwe UTC. Sasa mchukue mtu aliyezaliwa Nairobi tarehe 10 Mei 1939. Miaka hiyo, mpaka Julai 1942, Nairobi ilikuwa mbele ya UTC kwa saa mbili na dakika 45, na hifadhidata ya maeneo ya saa inalijua hilo. Ilihifadhiwa tarehe 9 saa 21:00 UTC. Ukiisoma kwa 'Africa/Nairobi' unapata tarehe 9 saa 23:45. Mzee anafika dirishani, kitambulisho kinasema 10, mfumo unasema 9, anaambiwa arudi nyumbani. Safu ya DATE ingemwepusha na safari hiyo.

Kwa wanaotengeneza ratiba za marejesho ya mikopo: 31 Januari 2024 ukiongeza mwezi mmoja ni 29 Februari. Ukiongeza mwingine juu ya hiyo ni 29 Machi, na tarehe 31 hairudi tena. Hata generate_series, kitendakazi cha PostgreSQL kinachotoa mfululizo wa thamani, ikipewa hatua ya mwezi mmoja inakwenda hivyo. Hesabu kila awamu kutoka tarehe ya mwanzo: date '2024-01-31' + n * interval '1 month', ambapo n inatoka generate_series(1, 12).

Wanaotumia hifadhidata ya MySQL, yenu kwa kifupi. TIMESTAMP hugeuzwa UTC na inakomea tarehe 19 Januari 2038, kwa hiyo haiutoshi mkopo wa nyumba wa miaka mingi. DATETIME haigeuzwi. Na CONVERT_TZ, inayogeuza saa kati ya maeneo, ikikurudishia NULL (thamani tupu) ukitumia jina la eneo, majedwali ya maeneo ya saa hayajapakiwa kwenye seva. Mwombe msimamizi aendeshe mysql_tzinfo_to_sql.

Kwako mkuu, kama \d itaonyesha timestamp tupu na ile hesabu ya saa ikathibitisha kuwa ndani ni UTC, badilisha safu moja kwa moja:

ALTER TABLE mauzo
  ALTER COLUMN wakati TYPE timestamptz
  USING wakati AT TIME ZONE 'UTC';

Ijaribu kwanza kwenye nakala, na siku ya kazi yenyewe chagua muda wateja ni wachache, kwani jedwali litafungwa mpaka imalize. Programu yako ikiwa inatuma saa bila kutaja eneo, muunganisho wake uendelee kuwa UTC, la sivyo rekodi mpya zitapishana na za zamani. Ukishamaliza, rudia ile kwiri ya kuhesabu kwa saa ukiwa umeweka SET timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam', na ubandike hapa matokeo yake pamoja na ya \d tuyatazame.