Maswali ya Wasomaji: Lumeni za Boksini na Lumeni za Ukutani

Nataka projekta ya kutazamia mpira sebuleni, chumba cha mita 4 kwa 5. Kariakoo nimeona ndogo iliyoandikwa lumeni 12,000, na nyingine ya kampuni inayojulikana yenye lumeni 3,000, bei yake karibu mara tano. Mbona yenye mwanga mdogo ndiyo ghali? (Msomaji, Tanga)

Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga, na namba hizo mbili hazikupimwa kwa njia moja. Lumeni za ANSI (kiwango cha Marekani), au za kiwango cha kimataifa cha ISO 21118, hupimwa pale picha inapoangukia: picha nyeupe inagawanywa sehemu tisa, kila sehemu inapimwa, kisha wastani unazidishwa kwa eneo la picha. Namba ya boksi la bei rahisi mara nyingi ni mwanga wa taa ya LED kabla haujapita kwenye kioo cha LCD (kioo kidogo cha ndani kinachounda picha) na lenzi, ambako sehemu yake kubwa hupotea. Nyingine haikupimwa kabisa.

Geuza mashine usome lebo ya umeme. Ikiwa ni wati 60, hesabu inakataa papo hapo: LED nyeupe nzuri hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa wati moja, kwa hiyo hata taa ikiwa wazi, bila kioo wala lenzi, haifiki 12,000. Mashine za aina hiyo kwa kawaida hutoa lumeni 100 hadi 300 za ANSI.

Sasa pima mahitaji yako. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha 125. Usiku, taa zimezimwa na ukuta ni mweupe, lumeni 500 za kweli zinakutosha. Ukitaka taa ya sebuleni ibaki inawaka, anzia 2,000. Mechi ya saa kumi jioni dirisha likiwa wazi, hata 3,000 zitakusumbua, na sababu yake ni hii: projekta hairushi weusi. Weusi unaouona ni ukuta ambao haukumulikwa, na jua likishaumulika, jezi nyeusi inakuwa ya kijivu. Kwa hiyo bajeti ikibana, nunua mapazia mazito kabla ya kuongeza lumeni. Kupunguza picha nako kunasaidia: ukishuka kutoka inchi 100 hadi 80, mwanga ule ule unaangukia eneo dogo na picha inang'aa zaidi kwa nusu na ushei.

Jihadhari pia na maneno "inakubali 1080p". Maana yake mashine inapokea picha ya pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, kisha inaishusha iingie kwenye kioo chake, ambacho huenda kina pikseli 1280 kwa 720, au hata 800 kwa 480. Uliza pikseli halisi za kioo. Muuzaji akisita, unganisha kompyuta ya mkononi kwa HDMI, fungua ukurasa wenye maandishi madogo na uyasome hadi pembeni. Mpira unaficha udhaifu huu, maandishi hayaufichi.

Ukuta upake rangi ya maji isiyong'aa. Rangi ya mafuta inarudisha mwanga wa lenzi kama doa kali katikati ya picha.

Nimeiweka kwenye stuli pembeni ya kochi. Picha imepanuka upande mmoja; nikiinyoosha kwa rimoti inakaa sawa lakini kona moja haionekani vizuri. Ni mbovu? (Msomaji, Morogoro)

Si mbovu, imekaa vibaya. Unapoinyoosha kwa rimoti, mashine inabana picha ndani ya kioo chake, na pikseli za pembeni zinabaki bila kazi. Unapoteza ukali na mwanga. Ile kona ina ukungu kwa sababu iko mbali na lenzi kuliko kona nyingine, na hilo rimoti haliwezi kulirekebisha.

Rudisha marekebisho yote kwenye sifuri, kisha iweke mashine katikati ya picha, lenzi ikiutazama ukuta moja kwa moja. Umbali una hesabu yake: tafuta kwenye kitabu cha maelekezo uwiano wa umbali kwa upana wa picha, uzidishe kwa upana unaoutaka. Uwiano ukiwa 1.3, picha ya inchi 100 inadai mita 2.87 kutoka lenzi hadi ukutani. Kama kochi linaziba njia, itundike darini kichwa chini na kuigeuza picha kwenye menyu. Zipo zinazorusha picha kuelekea juu, nyingine zinarusha usawa wa lenzi. Iwashe uone kabla fundi hajatoboa dari.

YouTube inacheza vizuri, ila Netflix inagoma. Nikirusha kutoka kwenye simu nasikia sauti, picha ni nyeusi. (Msomaji, Nairobi)

Huo ni ulinzi wa hakimiliki. Kifaa ambacho hakikuidhinishwa hukataliwa, au hupewa picha ya kiwango cha chini, na kurusha kutoka kwenye simu hukutana na kizuizi hicho hicho. Chomeka kwenye HDMI kijiti cha televisheni (kifaa kidogo cha kuchezea video za mtandaoni) kilichoidhinishwa. Kipe chaja yake mwenyewe. Tundu la USB la projekta nyingi lina umeme mdogo na kijiti kitakuwa kinajizima.

Nauziwa projekta ya taa iliyotumika ofisini. Nikague nini? (Msomaji, Mombasa)

Angalia saa za taa kwenye menyu, lakini usiziamini peke yake, kwani kaunta hurudishwa sifuri kwa kubonyeza tu. Taa nyingi za aina hii huishi saa 3,000 hadi 5,000, kwa hiyo ulizia bei ya taa mpya ya modeli hiyo kabla hujakubaliana. Iwashe nusu saa nzima na urushe picha nyeupe tupu. Madoa ya manjano au bluu kwenye mashine ya LCD ni joto lililounguza vichungi vya ndani. Nukta nyeupe au nyeusi zisizohama kwenye DLP, aina inayounda picha kwa vioo vidogo sana, ni vioo vilivyokwama, na havitengenezeki kwa bei ya maana. Fungua filta ya hewa pia: ikiwa imeziba vumbi, taa imekuwa ikipikwa.

Ukishainunua, usiizime kwa kuchomoa waya. Zima kwa rimoti, subiri feni isimame. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama na taa bado ni ya moto sana, na stabilaiza haisaidii hapo. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inatosha kwa mashine ya wati 300 hadi uizime kwa utaratibu.

Sauti ya spika ya Bluetooth inachelewa, midomo imeshafungwa ndiyo neno linasikika. (Msomaji, Dodoma)

Tumia waya wa milimita 3.5 kutoka kwenye projekta hadi kwenye sabufa. Kama king'amuzi ndicho chanzo, toa sauti kutoka huko huko.