Maswali yenu: huyo mtoto kwenye kitabu anataka nini?

Maswali ya vitabu vya watoto vyenye wahusika wenye ulemavu yamekuwa mengi, na ya wale ambao ubongo wao unafanya kazi kivingine pia, yaani usonji (autism), ADHD (mtoto hatulii wala hakazi akili kwenye jambo moja), disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) na mengine. Nusu yake ni swali lilelile limeandikwa na watu tofauti, kwahiyo naanza na hilo nilimalize.

Dada naomba unitajie kitabu kizuri cha kuwafundisha wanangu wawaonee huruma walemavu. Wana miaka 6 na 10.

Hili ni la tano sasa na jibu langu ni lilelile, sitaji. Sikunyimi mama mwenzangu, ila kitabu kilichoandikwa ili watoto wawe na huruma mara nyingi kina mtoto mmoja kakaa pembeni anasubiri kuhurumiwa, hana analolifanya, hana rafiki aliyegombana naye, hajawahi kudanganya wala kununa, yupo pale ili wenzake wajifunze kuwa wazuri. Wanao wakikimaliza watakachobaki nacho ni kwamba mtu wa hivyo ni wa kuonewa huruma, na wakikutana naye uwanjani watampisha njia vizuri sana lakini mpira hawatampa.

Mimi kila kitabu nakipima kwa swali moja, huyu mtoto anataka nini? Toa kupona, toa kupendwa, baada ya hapo anataka nini? Kama anataka kujua nani kaiba baiskeli, au anataka mdogo wake aache kumfuatafuata, basi hadithi ipo. Chukua A Kind of Spark ya Elle McNicoll, ya 2020. Addie ana miaka 11, ana usonji, na anachotaka ni kijiji chao kiweke kumbukumbu ya wanawake waliouawa zamani kwa kuitwa wachawi. Usonji wake unauona toka mwanzo hadi mwisho, kelele zinavyomchosha, mwalimu anavyomwonea, lakini kinachokufanya ufungue ukurasa unaofuata ni ile kumbukumbu, itawekwa au haitawekwa. Huyo wako wa miaka 10 mpe hicho. Wa miaka 6 bado.

Nina kitabu cha Heidi tangu utotoni, nakipenda mno. Binti yangu ana miaka 8 na anatumia kiti cha magurudumu. Nimsomee?

Hapa naomba mnivumilie maana nitakaa kidogo.

Mimi natembea kwa magongo tangu mdogo. Nikiwa na umri kama wa binti yako tulisomewa hicho kitabu darasani, na wanaokijua wanakumbuka kwamba Clara, rafiki wa Heidi, yupo kwenye kiti cha magurudumu, Peter mchunga mbuzi kwa wivu anakisukuma kile kiti kinaporomoka mlimani kinavunjika vipande, na baada ya hapo Clara anajifunza kutembea. Kesho yake mapumziko natafuta magongo yangu siyaoni. Wenzangu walikuwa wameyaficha, na wallahi hawakufanya kwa ubaya, walisimama kundi zima wananiangalia kwa furaha wakisubiri nitembee. Nikakaa pale kwenye benchi mpaka kengele ikagonga. Rafiki yangu ndiye aliyeyaficha na alilia kuliko mimi maana alikuwa ameamini kabisa. Mwalimu akawagombeza watoto, lakini kuhusu kitabu hakusema neno, na tukaendelea nacho mpaka mwisho.

Heidi kilitoka sehemu mbili, 1880 na 1881. Kabla yake, 1872, kuna What Katy Did, Katy anaanguka kwenye bembea anakaa miaka kitandani akifundishwa uvumilivu, akishakuwa msichana mpole anayetunza nyumba nzima ndipo anasimama tena. 1911 kuna The Secret Garden, Colin naye anatoka kwenye kiti bustanini. Umeona mtiririko? Mtoto akiwa mwema, akiwa na moyo, akipata hewa safi na marafiki, anatembea. Sasa aliyebaki kwenye kiti yeye ni nani, hakuwa mwema vya kutosha? Binti yako ataipiga hiyo hesabu kimyakimya na wala hatakuambia jibu alilopata. Jacqueline Wilson aliliona hilo, mwaka 2015 akaandika upya hadithi ya Katy katika zama zetu, na Katy wake hasimami, anabaki na kiti chake, hasira zake, utundu wake na maisha yanasonga. Hicho atakiweza akifika kama miaka 10 hivi.

Kwahiyo Heidi kisiwe cha kwanza. Kwanza mpe vitabu vitatu vinne ambavyo mtoto kwenye kiti yuko bize na mambo yake hadi ukurasa wa mwisho na kiti kipo palepale. Baadaye mkisoma Heidi, simama pale kiti kinapovunjwa umuulize angefanyaje mtu akimvunjia chake. Kwa aliyeandika kile kitabu kiti ni kizuizi, kwa binti yako kiti ndiyo njia ya kufika anakotaka, na yeye mwenyewe ataiona tofauti kabla hujamweleza.

Kuna kitabu cha kumtuliza mtoto mwenye ADHD akae kitako?

Hakuna. Msomee huku anazunguka chumbani, anasikia.

Mwanangu ana miaka 7, ana usonji na haongei. Kila kitabu ninachopata mtoto mwenye usonji ni jiniasi wa hesabu au anakumbuka kila kitu. Mbona wa aina ya mwanangu hawapo?

Wapo wachache mno dada yangu, na una haki ya kukasirika. Waandishi wengi wanamwogopa mtoto asiyekuwa na kipaji cha ajabu, wanaona msomaji hatampenda bila kupewa sababu, basi wanampa kipaji kama fidia. Hata vitabu ninavyoviheshimu vimo humo. Out of My Mind cha Sharon Draper, 2010, kina Melody, ana mtindio wa ubongo, haongei, na pale anapopata kifaa kinachotoa sauti kwa niaba yake mimi nilifunga kitabu kwanza nikapumua. Lakini naye kapewa kumbukumbu isiyosahau chochote. Kwani angekuwa na akili ya kawaida asingestahili kusikilizwa?

Na ile habari ya "ulemavu ni nguvu za ajabu" nayo naiwekea alama ya kuuliza. Rick Riordan alianza kumtungia mwanawe aliyekuwa na ADHD na disleksia, ndiyo akazaliwa Percy Jackson mwaka 2005, mvulana shujaa ambaye baba yake ni mungu wa Kigiriki, herufi zinamchanganya kwa sababu ubongo wake umeumbwa kusoma Kigiriki cha kale. Kwa mtoto ambaye kila siku anaambiwa mvivu hiyo ni zawadi kubwa na simnyang'anyi mtu. Ila vikiwa hivyo vyote, mtoto anayehangaika na kusoma na hana upanga wala baba mungu anajiona kapungukiwa mara mbili.

Kwa mwanao ningekushauri utengeneze. Piga picha za siku yake, kadi zake za picha anazotumia kuomba vitu, kamba au kitambaa anachokishika, mtu anayempenda, ubandike kurasa nane kumi na sentensi moja moja chini, na hadithi iwe ya kitu anachokitaka yeye na namna alivyokipata. Usiandike "anaugua usonji". Andika jina lake.

Naandika kitabu cha watoto, mhusika ni kiziwi lakini mimi nasikia. (1) Niruhusiwe? (2) Nimwite mlemavu wa kusikia, kiziwi au bubu?

Naanza na la pili maana ni fupi. Bubu futa, futa kila mahali. Kiziwi mwenye lugha ya alama anaongea kutwa nzima, tatizo ni wewe huelewi. Kiziwi ndilo jina ambalo wengi wao wanajiita wenyewe, na wanalitaja kwa fahari. Kwa jumla mtu mwenye ulemavu linakaa vizuri kuliko mlemavu, ingawa nawajua wanaojiita mlemavu na sithubutu kuwasahihisha, jina ni lao. Kinachoniudhi zaidi ni vitenzi. "Amefungwa kwenye kiti cha magurudumu", nani kamfunga? "Anateseka na upofu", ulimuuliza? Na tafadhali usimwandikie mhusika wako lugha ya alama moja ya dunia nzima, haipo, lugha za alama ni nyingi na kila moja ina sarufi yake, na kusoma midomo hakumpi mtu kila neno kama unavyoona kwenye filamu, mwanga ukiwa hafifu au mtu akigeuka maneno yamepotea.

La kwanza sasa. Hakuna anayetoa ruhusa, andika, lakini jua unachokikosa. Wonder cha R. J. Palacio, 2012, kimeandikwa na mtu ambaye uso wake hauna tofauti kama wa Auggie, mtoto wa kwenye hadithi, wazo lilimjia baada ya mwanawe mdogo kuogopa na kulia alipomwona mtoto wa hivyo, na Palacio akaondoka naye haraka. Ni kitabu chenye moyo, ila angalia mwisho, Auggie anapewa nishani na ukumbi mzima unasimama kumpigia makofi, kwa kuvumilia mwaka wa shule. Wengi wenye nyuso tofauti wamesema hawataki makofi kwa kuingia darasani, na mimi niko nao. Alafu linganisha na El Deafo cha Cece Bell, 2014, yeye mwenyewe alipoteza usikivu akiwa na miaka minne baada ya homa ya uti wa mgongo, akachora maisha yake kwa katuni na kila mtu humo ni sungura, viumbe wa masikio marefu na yeye katikati yao hasikii. Mwalimu anavaa kipaza sauti na Cece kifuani ana mashine inayomletea sauti hiyo masikioni, kumbe mwalimu akitoka anasahau kukizima na Cece anamsikia mpaka chooni. Wewe na mimi tungekaa miaka mitatu tunawaza tusingeipata hiyo. Kitu kama hicho anakijua aliyekivaa tu.

Kwahiyo mswada wako wasome viziwi, zaidi ya mmoja, kabla haujakomaa, na uwalipe kama unavyomlipa mhariri. Wakikuambia sura ya tatu ni uongo, sura ya tatu inaondoka. Usiwapelekee kitabu kimeshachapwa unaomba baraka.

Wanangu hawana ulemavu wowote. Wana haja gani na vitabu hivi?

Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa vitabu vya watoto, aliandika kwamba kitabu ni kioo cha kujiona na pia dirisha la kuwaona wengine, na anayepewa vioo tu anakua akidhani dunia nzima inafanana naye. Alikuwa anazungumzia hasa watoto weusi Marekani lakini inaingia hapa bila kulazimisha. Na kaka, niliona mwishoni uliandika "hujafa hujaumbika". Ni kweli, ila usiwasomee watoto kwa methali hiyo, inageuza mtu kuwa tishio, kwamba msimcheke maana na nyie yanaweza kuwapata. Wasimcheke kwa sababu ni mtu.

Mtoto ana disleksia, anapenda kusikiliza vitabu vya sauti. Mumewe dada yangu anasema huko ni kudanganya, sio kusoma.

Shemeji kakosea. Hadithi imeingia, maneno mapya yameingia, hamu ya kitabu imebaki hai, na hiyo hamu ikifa kuifufua ni kazi kubwa kuliko kufundisha herufi. Mazoezi ya herufi yaendelee na mtu anayeijua kazi hiyo, muda wake tofauti. Tafuta pia vitabu vyenye herufi kubwa kidogo, mistari iliyoachana, na katuni.

Na nikiwa hapa niwaseme wachapishaji. Mnachapa kitabu chenye msichana asiyeona jaladani, kafurahi na fimbo yake nyeupe, alafu msichana asiyeona mwenyewe hawezi kukisoma, hakuna nukta nundu, hakuna sauti, michoro haina maelezo. Mkataba wa kimataifa wa Marrakesh ulipitishwa 2013 na ulianza kazi 2016, unaruhusu kazi zilizochapishwa kugeuzwa ziwe za kusomeka kwa wasioona bila kwenda kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kila mara, kwenye nchi zilizojiunga. Louis Braille alikuwa na miaka 15 alipopata mfumo wake wa nukta nundu, 1824. Kisingizio cha kwamba njia haijulikani kimekwisha muda.

Hadithi za mazimwi ya jicho moja na maharamia wa mguu mmoja tuzitupe?

Usitupe, hesabu. Kama wenye ulemavu wote kwenye rafu yako ni wabaya au malaika, rafu ndiyo ina tatizo.

Mimi ni mwalimu, Jumatatu napokea mwanafunzi mwenye kigugumizi na usonji. Nimepanga siku hiyohiyo nisome kitabu chenye mtoto kama yeye ili darasa limwelewe. Kipi?

Mwalimu nakuomba usifanye hivyo, nakuomba kabisa. Nia yako naiona ni njema, hata mwalimu wangu alikuwa nayo. Kitabu kikisomwa siku aliyoingia, macho thelathini yatatoka kwenye kitabu yatue kwake, na kuanzia hapo yeye ndiye yule wa kwenye hadithi. Hatapata nafasi ya kusema anapenda nini, kitabu kitakuwa kimeshasema. Vitabu hivi vilitakiwa viwe vinasomwa darasani kwako toka mwaka jana, katikati ya vingine, bila tangazo.

Jumatatu soma kitabu cha kuchekesha chochote. Baadaye kaa na mtoto na mzazi wake uwaulize wangependa darasa lijue nini na nani aliseme, akisema hataki lijue kitu basi iwe hivyo. Wakati wa kusoma kwa sauti usimrukie kwa kumhurumia wala usimmalizie neno, muulize mapema kama anataka kusoma, na akianza subiri. Na madirisha yafungue kabla hajaingia ili makelele ya viti na joto visimkute pamoja.