Wasomaji Wanauliza: Nchi iliyozima mtambo wake yenyewe

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha uchumi kidato cha tano na cha sita. Tulipofika kwenye mada ya nchi za Ulaya zilizotoka katika uchumi wa kupangiwa na serikali zikaingia katika uchumi wa soko, wanafunzi wangu walishangaa kusikia kwamba Lithuania ilizima mtambo wa nyuklia uliokuwa ukiipa sehemu kubwa ya umeme wake, tena wakati uchumi umeanguka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hao walikuwa na akili timamu?" Nikakosa la kumjibu. (Mwalimu, Mbeya)

JIBU: Mwalimu, mwambie kijana wako kwamba swali lake Walithuania walijiuliza wenyewe, tena kwa kura. Oktoba 2008 iliitishwa kura ya maoni kuhusu kuendelea kuutumia mtambo wa Ignalina, na takriban asilimia 89 ya waliopiga kura wakataka uendelee. Hata hivyo, waliojitokeza hawakufika nusu ya wenye haki ya kupiga kura, kwa hiyo matokeo hayakuwa na nguvu ya kisheria. Hata yangekuwa nayo, nchi ilikwisha kutia saini: kuzima vinu viwili vya nyuklia vya Ignalina lilikuwa sharti la kuingia Umoja wa Ulaya, nayo iliingia Mei 1, 2004. Kinu cha kwanza kilizimwa Desemba 31 mwaka huohuo, na cha pili Desemba 31, 2009.

Sharti hilo lilitokana na hofu. Vinu vya Ignalina vilikuwa vya jamii moja na kile kilicholipuka Chernobyl mwaka 1986, na havikuwa na jengo zito la zege la kuzuia mionzi isitoke nje pindi ajali inapotokea. Wahandisi wa Lithuania walijitetea kwamba marekebisho mengi yalikuwa yamefanyika tangu uhuru, na kwa maoni yangu utetezi wao ulikuwa na uzito, lakini haukutosha kuwashawishi wakuu wa Umoja wa Ulaya kule Brussels.

Upande wa uchumi ndio unaohitaji darasa lako litulie kidogo. Ignalina haikujengwa kwa ajili ya Lithuania. Wapangaji wa Moscow waliiweka pale ihudumie eneo zima la kaskazini magharibi mwa Muungano wa Kisovieti, ambao Lithuania ilikuwa sehemu yake. Kinu cha kwanza kiliwashwa mwisho wa 1983 na cha pili 1987, kila kimoja kikiwa kimesanifiwa kutoa megawati 1,500, ilhali nchi yenyewe haikuwa na watu hata milioni nne. Ilipopata uhuru ikarithi kiatu kikubwa kuliko mguu. Mwaka 1993 asilimia 88 ya umeme uliozalishwa nchini ulitoka hapo, na ziada iliuzwa kwa majirani. Umeme ulikuwa rahisi, ndiyo, lakini urahisi ule ulikuwa na siri yake: gharama za ujenzi zilikwisha kubebwa na dola ambayo haipo tena, na ankara ya kuubomoa mtambo ilikuwa bado haijaletwa.

Mwaka 2009, pato la taifa lilipungua kwa takriban asilimia 15 kutokana na mtikisiko wa fedha wa dunia, na usiku wa mwisho wa mwaka huo kinu cha pili kikanyamaza. Nchi iliyozoea kuuza umeme ikaanza kununua zaidi ya nusu ya ule iliohitaji. Sehemu ya pengo ilizibwa na mitambo ya gesi ya Elektrėnai, na gesi yote ilitoka kwa muuzaji mmoja, Gazprom ya Urusi. Hapa ndipo ningependa wanafunzi wako wakazie macho, kwa sababu muuzaji wa pekee hapangi bei kwa kuangalia gharama zake. Huipanga kwa kuangalia kama mnunuzi ana pengine pa kwenda. Lithuania imepakana na Urusi kupitia Kaliningrad, kipande cha Urusi kilichojitenga na nchi yenyewe, lakini bei iliyolipa ilikuwa miongoni mwa bei za juu kabisa katika Umoja wa Ulaya.

Walikwenda kulalamika kwenye baraza la usuluhishi la Stockholm mwaka 2012, wakidai zaidi ya euro bilioni moja kwa kutozwa bei isiyo ya haki. Mwaka 2016 wakashindwa. Kilichoshusha bei ilikuwa meli. Serikali ilikodi kutoka kampuni ya Höegh ya Norway meli yenye urefu wa karibu mita 300, iliyoundwa Korea Kusini na kupewa jina la Independence, yaani "Uhuru". Kazi yake ni kukaa bandarini Klaipėda, kupokea gesi iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika, kuipasha moto irudi kuwa gesi, na kuiingiza kwenye bomba la nchi kavu. Iliingia bandarini Oktoba 27, 2014. Lakini angalia tarehe nyingine: Mei mwaka huo, meli ikiwa bado haijafika, Gazprom ilikwisha kukubali kupunguza bei kwa takriban asilimia 20. Gesi ya melini haikuwa imewasha hata jiko moja.

Meli hiyo haikuwa ya bure. Ukodishaji wake wa miaka kumi ulilipwa iwe gesi imepita au haikupita, na fedha zilikusanywa kwa tozo kwa watumiaji wa gesi, jambo ambalo kiwanda kikubwa cha mbolea cha Jonava, kinachotumia gesi kuliko mtumiaji mwingine yeyote nchini, kililipinga kwa nguvu. Siwalaumu, mwenye kiwanda hupigia hesabu mwezi huu. Lakini Aprili 2022, Urusi ilipokuwa imeivamia Ukraine, Lithuania iliweza kutangaza kwamba imeacha kabisa kununua gesi ya Urusi, wakati nchi tajiri kuliko yenyewe bado zilikuwa zikitafuta namna ya kuupita msimu wa baridi uliofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, mtambo mkubwa ukifungwa, watu waliokuwa wakiutegemea huenda wapi? Huku kwetu kiwanda kikifungwa, mji mzima hufa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mji wa mtambo wa Ignalina unaitwa Visaginas. Ulianza kujengwa 1975 katikati ya msitu wa misonobari, kwa ajili ya wafanyakazi wa mtambo peke yao, na wengi wao walikuwa wasemaji wa Kirusi walioletwa kutoka sehemu mbalimbali za Muungano wa Kisovieti. Wakati wa neema ulikuwa na wakazi zaidi ya 30,000. Sasa wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Vijana ndio waliotangulia kuondoka.

Haukufa, na sababu yake ni ya ajabu kidogo: kuuvunja mtambo ni kazi ndefu kuliko kuujenga. Mpango uliopo unaifikisha kazi hiyo mwaka 2038, na sehemu kubwa ya gharama inabebwa na Umoja wa Ulaya. Watu walewale waliokuwa wakiendesha mitambo sasa wanaikata vipande. Chuma husuguliwa uchafu wa mionzi, hupimwa, na kilicho safi huuzwa kama chuma chakavu. Hata hivyo, mtambo ulikuwa pia ukipeleka maji ya moto majumbani, bidhaa isiyo ya anasa mahali ambapo Januari maji ya ziwa huganda, kwa hiyo mji ulilazimika kujitafutia joto kwingine. Gharama za namna hiyo husahaulika kirahisi mezani kwa wapangaji.

SWALI: Nilisikia kwamba Februari 2025 nchi za Baltiki "zilihamia" gridi nyingine. Waya ni waya. Kuhama maana yake nini? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Umewahi kuona kina mama wawili wakitwanga kinu kimoja kwa kupokezana? Ni lazima mapigo yalingane, la sivyo michi itagongana. Mitambo yote iliyounganishwa katika gridi moja hufanya vivyo hivyo, kwa Ulaya na kwetu mizunguko 50 kwa sekunde, na laini ya Isinya hadi Singida inayounganisha Kenya na Tanzania inafuata kanuni hiyohiyo. Kwa nchi za Baltiki, yaani Lithuania, Latvia na Estonia, aliyeshika mapigo alikuwa Moscow, miaka zaidi ya 30 baada ya uhuru. Hata baada ya kuacha kununua umeme wa Urusi mwaka 2022, bado mapigo yalitoka huko.

Februari 8, 2025 walikata laini zote za kwenda Urusi na Belarus, wakakaa peke yao kama kisiwa kwa zaidi ya siku nzima, na Februari 9 wakaungana na gridi ya Ulaya bara kupitia Poland. Umeme haukukatika majumbani. Maandalizi yaligharimu takriban euro bilioni 1.6, robo tatu zikitoka Umoja wa Ulaya. Sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine nzito ambazo hazizalishi umeme wowote. Kazi yake ni kuzunguka tu, ili uzito wake usiruhusu mapigo kuyumba ghafla pindi mtambo mmoja unapozimika.

Kwa sasa muunganiko huo unategemea laini moja ya kupita Poland. Desemba 25, 2024, majuma machache kabla ya kuhama, kebo ya Estlink 2 inayopita chini ya bahari kati ya Finland na Estonia iliharibika, na Lithuania ikaamua kuiwekea laini ya Poland ulinzi wa askari. Laini ya pili, Harmony Link, ambayo awali ilipangwa kupita chini ya bahari, sasa imechorwa upya ipite nchi kavu.