Re: Bwawa la Kihansi halikuzamisha msitu, sasa vyura waliishaje?

Mambo mkuu, nimesoma uzi wako unaouliza bwawa la umeme la Kihansi, hapa Tanzania, liliwamalizaje vyura wa pale wakati halikuzamisha msitu. Umekwama kwa sababu unatafuta eneo lililozama, na Kihansi bwawa lenyewe ni dogo hata ukiliona utasema hili nalo limeua nini. Mi nilikwama hapohapo nikiandika risachi yangu ya chuo. Anza kuangalia upande wa CHINI, mto unakoshukia baada ya bwawa, sio juu.

Wale vyura walikuwa wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache tu, hawapo kwingine duniani. Mwaka 2000 maji mengi yakahamishiwa kwenye mtambo wa umeme, manyunyu yakakata, majani yakakauka, na chura mwenyewe ngozi yake ndo inakunywa maji, atakimbilia wapi na pembeni hakuna manyunyu mengine? Hiyo ndo kupoteza makazi kwenyewe, haihitaji mafuriko. Wataalamu wakaweka mabomba ya kunyunyizia maji, idadi ya vyura ikapanda kweli, halafu 2003 ikaporomoka ghafla. Hapo usiandike sababu moja, fangasi wa ngozi alikutwa na wengine wanataja dawa za mashambani zilizoshuka na maji, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Bahati nzuri karibu 500 walishapelekwa Marekani kufugwa, wakaanza kurudishwa Kihansi 2012.

Ukitaka mfano wa msitu kugeuka visiwa basi chukua bwawa la umeme la Balbina kule Brazil, lililozamisha msitu, vilele vya vilima vimebaki visiwa zaidi ya 3,000. Ila usiichanganye mifano hii miwili kwenye sura moja, msimamizi wangu alinirudisha kwa hilo.