Kabla ya mkasi: kwa wanaoanza kushona na kufuma nyumbani

Wadogo zangu mnaoanza kushona na kufuma nyumbani, iwe Mtwara mjini, Lindi, Masasi au kokote huku kwetu kusini, nataka tuzungumzie ile saa moja ambayo wengi wenu mnairuka. Ni saa iliyo kabla ya mkasi kugusa kitambaa na kabla ya kitanzi cha kwanza. Mimi nashona na kufuma nyumbani kwangu Mikindani, na kila anayekuja barazani kujifunza namrudisha hapo hapo. Gauni lisilokaa mwilini, kofia isiyoingia kichwani, sketi inayojisokota ikivaliwa: chanzo chake karibu kila mara kiko huko nyuma, kazi ikiwa haijaanza.

Tuanze na maji. Kanga na kitenge cha pamba hutoka dukani vikiwa na kanji ya kiwandani, na kanji hiyo huficha sura halisi ya kitambaa. Kikiingia majini mara ya kwanza kanji inatoka, nyuzi zinalegea na kujikusanya, na kitambaa kinaruka, yaani kinapungua. Chukua gauni la urefu wa sentimita 140. Kitambaa kikiruka asilimia 4 tu, umepoteza karibu sentimita 6, yaani pindo zima la chini. Ukiwa umetia bitana ya polista hali ni mbaya zaidi, kwa sababu polista hairuki: pamba ya nje inapanda, bitana inabaki pale pale na kuchungulia miguuni. Mteja atasema fundi hakupima, na kumbe ulipima vizuri kabisa.

Kwa hiyo kitambaa cha pamba kiloweke, kifue kwa maji na sabuni za kawaida, kianike kivulini, kipige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo, ndipo ukitandaze mkekani. Mweleze mteja mapema, maana wapo wanaoona kitambaa kimefuliwa wakadhani umekitumia. Na kikiwa bado kimelowa, kandamiza juu yake kipande cheupe. Kikishika rangi, jua kitambaa hicho kinachuja, usikiunganishe na kola nyeupe wala lesi nyeupe hata mteja akikubembeleza.

Kanga inataka uangalifu wa peke yake. Kanga moja ina upana wa kama sentimita 110 na urefu wa kama 150, ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na jina chini ya mji. Anayekuletea doti umshonee gauni la shughuli, iwe ya kumtoa mwali au ya harusi, mara nyingi alilichagua jina lile akiwa na mtu kichwani. Kulikata katikati au kulipeleka kwapani ni kumnyima kile alichokinunua. Mimi naona hili ni jambo la heshima kabla halijawa la ufundi. Tandaza kanga zote mbili, panga juu yake vipande vyako vya karatasi, visogeze mpaka jina likae panaposomeka na pindo liangukie chini ya sketi au mwisho wa mikono. Nusu saa ya kusogeza karatasi si ya kuionea uchungu. Kitambaa kikishakatwa, kanga ya pili yenye jina lile huenda haipo tena sokoni.

Ukiwa hapo hapo mkekani, angalia mwendo wa nyuzi. Nyuzi za urefu, zile zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani, hazivutiki kirahisi. Za upana huvutika kidogo. Ukikivuta kitambaa kwa mshazari, kinavutika sana. Mshazari una kazi yake nzuri, hasa kwenye ukanda wa kuzungushia shingo, kwa sababu unakubali kupinda bila kukunjamana. Lakini ukikata mguu wa suruali upande upande ili tu kubana kitambaa, mguu huo utajisokota ukifuliwa na hakuna pasi itakayouweka sawa.

Kwenye kufuma hakuna mkasi, ila saa ile ipo vile vile: ni kipande cha majaribio. Wanaoanza hawakipendi kabisa, wanaona ni uzi unaopotea. Fuma mraba wa sentimita 15 kwa uzi na sindano utakazotumia, ufue, ukauke, kisha weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Sasa fanya hesabu. Unamfumia sweta mtoto wa Newala, kule juu ambako asubuhi za Juni na Julai baridi inauma. Unataka mzunguko wa kifua wa sentimita 65. Maelekezo yanasema vitanzi 20 kwa sentimita 10, kwa hiyo unahitaji vitanzi 130. Lakini mkono wako unakaza, unatoa vitanzi 22. Vitanzi 130 vya mkono wako ni sentimita 59. Sweta zima limepungua sentimita 6, na hutajua mpaka siku ya kumvalisha mtoto. Kila mtu ana mkono wake, na mkono wa leo ukiwa na hasira si mkono wa jana. Hakuna haja ya kulazimisha mkono ubadilike. Badilisha sindano, chukua nene kidogo kama unakaza na nyembamba kama unalegeza, ufume mraba mwingine.

Kwa anayeanza kroshia, yaani kufuma kwa sindano moja yenye ndoano, nashauri kofia ya kufuma, ya uzi wa pamba, kwa sababu inafundisha mengi ndani ya kitu kidogo. Pima kichwa kwa futi ya kamba. Tuseme ni sentimita 56. Gawanya kwa 3.14, unapata karibu 18: huo ndio upana wa duara la juu ya kofia. Anza na vitanzi 6 vifupi, mzunguko wa pili viwe 12, wa tatu 18, wa nne 24, kila mzunguko ukiongeza 6. Duara likianza kujikunja kama bakuli, unaongeza pungufu au unakaza mno. Likifanya marinda, umezidisha. Liweke mezani kila baada ya mizunguko miwili mitatu ulitazame. Likifika sentimita 17 acha kuongeza, kwa kuwa pamba itatanuka kichwani, na endelea kushuka wima.

Uzi wa akriliki ni rahisi kuupata na rangi zake zinavutia, lakini kwa joto la pwani yetu mvaaji atatoa jasho, na ukiupiga pasi ya moto unalegea moja kwa moja. Upeleke kwenye sweta za watu wa Newala na kwenye shali za watoto wachanga. Uzi wowote, ununue wote unaohitaji kwa mara moja na ulinganishe namba ya rangi na pia namba ya mkupuo wa kutia rangi (lot) zilizochapwa kwenye karatasi yake. Robota mbili za bluu ile ile zilizotiwa rangi siku tofauti huonekana sawa dukani, zikija kukaa pamoja kifuani mwa sweta zinaachana.

Cherehani nayo, ya miguu au ya umeme, ijaribu kwenye masalia ya kitambaa kile kile utakachoshona. Kanga nyepesi inataka sindano namba 11 au 12, kitenge namba 14, khaki nzito 16. Vitanzi vikijitokeza upande wa chini wa mshono, wengi hukimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Tatizo huwa juu: uzi haukukaa vizuri kati ya visahani vinavyoukaza, mara nyingi kwa sababu uliutunga mguu wa cherehani ukiwa chini. Inua mguu, tunga upya, na kwa kawaida vitapotea bila kugusa skrubu yoyote. Mafuta ya kutia ni ya cherehani tu. Mafuta ya nazi na ya kula huganda na kunata ndani ya chuma, na cherehani inakuwa nzito mpaka mtu adhani imekufa.

Kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya mkono, kabla ya kupitisha cherehani sitalisemea sana. Fanyeni, hasa kwenye mikono na zipu, na mteja ajaribu nguo ikiwa na bandi.

Hewa ya bahari ni jambo jingine ambalo vitabu vya mbali havitawaambia. Sindano inashika kutu hata ikiwa haijatumika, na kutu ndogo usiyoiona kwa macho hukata uzi na kuacha doa kwenye kitambaa cheupe. Zifunge sindano kwenye kitambaa kikavu ndani ya kopo lenye kifuniko. Mvua za Desemba hadi Aprili huleta kawa, yale madoa meusi yasiyotoka, kwa hiyo kazi iliyokamilika isifungwe kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu. Vitambaa vya makochi mnavyovitia kanji ya muhogo visimame vizuri, vifueni kanji itoke kabla ya kuvihifadhi kwa muda mrefu. Mende wanaipenda kanji, na wakiila hula na uzi.

Kuhusu wateja, huku kusini wengi huja pamoja. Korosho zikianza kuuzwa kuanzia Oktoba pesa inaingia majumbani, shughuli zinafuatana, na kabla hamjapumua inafika Januari, wazazi wanataka mashati meupe na sketi na kaptula za bluu za shule. Msipokee zaidi ya mnachoweza kukifua, kukipima na kukijaribu. Chukueni kianzio kinachotosha angalau kununua vifaa. Na sketi ya shule iacheni na pindo la ndani la sentimita 6 au 8, ili mama aje aishushe mtoto akirefuka.

Mwisho, muwe na daftari. Kwa kila kazi bandikeni kipande cha kitambaa au mraba ule wa majaribio, na pembeni yake muandike namba ya sindano au kroshia, vitanzi kwa sentimita 10, kimeruka kiasi gani kilipofuliwa, vipimo vya mteja na tarehe mlizompima. Duka na aina ya uzi pia viandikwe. Mteja akirudi mwakani kutaka kofia kama ile ile ya mumewe, mnafungua ukurasa, mnampima tena kichwa, na kazi inaanza siku hiyo hiyo.