Mtoto wa miaka 3 hasemi: jibu langu kwa mama wa Kadutu

Mama wa Kadutu, huko Bukavu, umeuliza jana usiku: kijana wako amefikisha miaka 3, hasemi, ukimwita hageuki, mchana kutwa anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari, na shangazi yake anasema ulimi umefungwa, ukatwe. Nimeisoma nikiwa dukani na simu ya mteja mkononi, nikashindwa kuendelea na kazi. Nami nina wangu, mwenye usonji, yaani autisme: ubongo wake unapokea watu, sauti na maneno kwa njia yake. Alizaliwa 2018 hapa Goma, na nyumbani tunamwita Mzee kwa sababu amebeba jina la baba yangu. Nitaandika marefu, univumilie.

Ulimi kwanza, maana hilo ni la haraka. Usikubali. Wangu alikatwa. Mama mmoja wa mtaani alikuja na wembe na chumvi, mimi mwenyewe ndiye niliyemshika mtoto mikono. Siku nne hakula vizuri, na maneno hayakuja. Baadaye nikamwona analamba mchuzi uliompaka karibu na pua, nikajiuliza: ulimi gani uliofungwa hapo? Ningekuwa nimemwangalia vizuri kabla, nisingemshika mikono.

Kinachopaswa kupimwa mapema ni masikio. Sisi tulikuwa tumekwisha kuona jambo la ajabu: unamwita mara kumi yuko kimya kama jiwe, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Alikuwa anasikia. Hata hivyo mpeleke wamhakikishe, kwa sababu mtoto asiyesikia na mtoto wa usonji wanaweza kufanana kwa mbali, na msaada wao si mmoja. Usitegemee karatasi ya maabara pia. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Daktari aliyemwona Mzee alikaa sakafuni na funguo zake, akacheza naye, akatuuliza maswali karibu saa nzima. Je, ananyoosha kidole kuwaonyesha kitu, ndege, gari? Mke wangu akaanza kulia hapo hapo. Hakuwahi. Akitaka maji alikuwa anashika mkono wangu na kuuburuta hadi kwenye bidoni, bila kunitazama usoni, kana kwamba mkono ni chombo na mimi sipo.

Huko kwenu Bukavu kuna SOSAME, sisi hapa tuna Tulizo Letu, vituo vya afya ya akili, vyote vya Mabruda wa Upendo. Najua watu wanasema huko ni kwa vichaa. Waache waseme, wewe anzia huko kuuliza nani anajua watoto wa namna hii.

Kuhusu chumba cha maombi nitasema kidogo tu. Tulikaa wiki tatu. Mwanzoni walikuwa wanamwombea mtoto, mwishoni walikuwa wanamwogopa, na mama mkwe akaanza kuuliza nani katika ukoo wangu alikufa vibaya. Nikamchukua mwanangu tukatoka. Kama kuna mtu atamwita wako mchawi, ujue sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya Januari 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Mimi bado nasali. Nasali kwingine.

Na chanjo, kwa kuwa mtu mmoja amekwisha kukutajia chini ya swali lako: habari kwamba chanjo ya surua inaleta usonji ilitoka kwenye makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield mwaka 1998, na jarida lililoichapa liliifuta 2010. Surua ya 2019 ilipopita Kongo, watu zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto. Mdogo wake Mzee nimemchanja zote.

Sasa kile ninachotaka hasa ukisikie. Kwa muda mrefu nilidhani shida yangu ni mtoto asiyesema, na wakati wote huo alikuwa anasema, ila mimi ndiye nilikuwa sielewi.

Unakumbuka Mei 2021, Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ulipolipuka. Ilikuwa Jumamosi tarehe 22, jioni, mbingu nyekundu, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Mzee hakulia. Alikuwa mgongoni kwa mama yake anaangalia ule wekundu tu. Siku zilizofuata ardhi ikawa inatetemeka usiku na mchana, naye akawa analala kifudifudi, sikio sakafuni, anangoja mtetemeko. Alhamisi tarehe 27 wakatangaza mitaa mingi ya mji ihame. Tukatoka na miguu kuelekea Sake, pamoja na mji mzima, na katika haraka ile nikasahau kikombe.

Mzee alikuwa na kikombe kimoja cha kunywea, cha plastiki, buluu, kimepasuka kidogo ukingoni. Tulipofika Sake tulilala kwenye darasa la shule na familia nyingine sita. Nikampa maji kwenye kikombe cha bati, akakaza meno. Kwenye chupa, akageuza uso. Kwenye kiganja changu, akanipiga. Usiku mzima na asubuhi yote hakunywa, analia mpaka sauti ikakauka, na watu wakaanza kutuambia tumpige kidogo. Saa sita mchana nikapata kwa mama mmoja barabarani kikombe cha buluu, karibu sawa na kile. Mzee akakichukua, akapitisha kidole ukingoni, akazunguka wote, polepole. Akakitupa.

Nikakaa pale nakitazama kikombe kwenye vumbi. Halafu nikachukua kisu, nikapasua ukingo, mpasuko mdogo tu. Nikampa bila kusema neno. Kidole kikazunguka, kikafika kwenye mpasuko, kikasimama, kikarudi tena. Akanyoosha kikombe kwangu. Alikunywa vitatu mfululizo.

(Tuliporudi nyumbani, kile cha zamani tulikikuta mezani. Hakukitaka tena! Mzee ana mambo yake.)

Tangu siku hiyo niliacha kusema mtoto ni mkaidi. Dunia inamwangukia yote kwa pamoja, sauti, rangi, watu, naye anashika kitu kimoja anachokijua ili asizame. Nikaanza kutafuta vitu vingine vya kushika. Kwa simu nikapiga picha vitu vyetu sisi wenyewe: kikombe, bidoni, sahani ya fufu, choo, kitanda, pikipiki. Nikazichapisha kwenye sekretaria moja ya Birere, duka la kuchapisha karatasi, nikazifunika kwa skochi, ule utepe wa kunata, nikazitundika ukutani kwa kimo chake. Sharti ni moja: akileta picha, apewe kitu hicho wakati huo huo. Hata saa tisa ya usiku. Mwanzoni mke wangu alikuwa anakaa nyuma yake anamshika mkono kuipeleka picha kwangu, halafu akapunguza kushika. Wiki kama sita hakuna kitu, picha zinatafunwa tu. Kisha jioni moja nikiwa natengeneza simu, nikasikia kitu kinanigusa goti. Picha ya kikombe. Na alikuwa ananitazama.

Watu waliniambia picha zitamfanya mvivu wa kusema. Hazikumfanya. Sasa ana maneno, ila ni ya kuokota. Unajua umeme ukirudi baada ya kukatika watoto wa mtaa mzima wanavyopiga kelele, “Umeme imerudi!” Kwake hiyo ni furaha. Ukimpa ndizi, umeme imerudi. Mama yake akiingia kutoka soko, umeme imerudi. Nimeacha kumsahihisha.

Maisha ya kila siku ni hivi: anakula vyeupe, yaani fufu, wali, viazi, na sombe, majani ya muhogo, bado ni vita. Kunyoa nywele ni usiku akiwa amelala, upande mmoja leo, mwingine kesho. Pikipiki anaipenda sana, lakini lazima tuzunguke mara mbili kwenye sanamu ya Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na taximani wetu amezoea, ananitoza kidogo zaidi tu. Kuna hatari moja ambayo usiichezee, nawe uko karibu na ziwa: watoto hawa wanatoroka, na wengi wanavutwa na maji. Namba yangu ya simu imeandikwa ndani ya kila shati lake. Shule ya kwanza ilimrudisha siku ya tatu. Ya sasa inampokea nusu siku, na shemeji yangu anakaa naye darasani.

Na wewe baba wa mtoto, kama unasoma juu ya bega la mkeo: mimi mwaka mzima nilikuwa nabaki dukani hadi usiku nikisema kazi ni nyingi. Kazi haikuwa nyingi.

Januari 2025 vita vilipoingia mjini, kitu cha kwanza nilichotia kwenye mfuko kilikuwa kikombe, cha pili picha, cha tatu vile vizibo vikubwa vya masikio wanavyovaa mafundi wa mashine, ambavyo nilimnunulia kwa ajili ya jenereta ya jirani. Pesa nilizikumbuka baadaye. Tulilala chini siku kadhaa bila maji ya bomba wala umeme, na alikunywa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Piga hesabu hiyo kwa Kadutu yote uone ni watoto wangapi wamefungiwa ndani. Ukiuliza taratibu utapata mama mwingine, pengine ngazi mbili chini ya kwako.

Kesho usimnyang'anye vifuniko. Kaa naye chini, uvishike wewe vyote, umpe kimoja kimoja, na ungoje kila mara, hata dakika, mpaka akutafute kwa mkono au kwa jicho. Akikutafuta, mpe haraka. Na masikio yakipimwa, niandikie walivyosema. Shangazi msalimie, ila wembe wake uufiche.