Mpangaji Wangu na Kiatu cha Chaplin

Igizo langu la kwanza la kuchekesha lilimhusu mpangaji aliyekosa kodi. Mwenye nyumba akibisha, jamaa anajificha uvunguni, anakunja sura, anawakonyeza watazamaji. Alianguka mara tatu. Ukumbi kimya. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alitoa simu akaanza kusoma meseji zake.

Nilimlaumu mwigizaji. Kumbe kosa lilikuwa langu: mpangaji wangu hakuwa na shida yoyote. Alijua kabisa kwamba anachekesha.

Aliyenitoa tongotongo ni mchekeshaji Charlie Chaplin, katika filamu yake isiyo na sauti, The Gold Rush ya mwaka 1925. Watafuta dhahabu wawili wamekwama kwenye kibanda katikati ya theluji, chakula kimekwisha, Charlie anachemsha kiatu chake. Anakichoma kwa uma kuona kama kimeiva, anakimwagia mchuzi, anakipakua. Kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi. Misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. (Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa pipi ya urukususu.) Wazo lilianzia pabaya: Chaplin alikuwa amesoma habari za wahamiaji wa Marekani walionaswa na theluji milimani mwaka 1846, wakala ngozi, na mwishowe wengine wakala maiti za wenzao.

Itazame mara mbili. Mara ya pili zima muziki, umwangalie usoni tu. Hacheki hata kidogo. Anakula kwa adabu zote, kama mgeni rasmi. Hatumcheki kwa sababu ya umaskini wake; tunamcheka kwa ukaidi wake wa kukataa kuishi kama maskini. Wengi wanaoigiza ombaomba siku hizi hapo ndipo wanapopotea, wakadhani matambara yanatosha.

Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1964 anasimulia kisa cha utotoni, London. Kondoo alitoroka akipelekwa machinjioni, watu wakamkimbiza, wengine wakianguka, na Charlie akacheka. Kondoo alipokamatwa ndipo akili ilipomjia, akakimbilia kwa mama yake akilia kwamba wanakwenda kumuua. Baadaye alijiuliza kama sinema zake hazikuanzia pale. Sisemi lazima uteseke ndipo uchekeshe, ingawa yeye aliingizwa kwenye makao ya kuwahifadhi maskini, huko Lambeth, London, akiwa na miaka saba. Ila angalia: kondoo ni yuleyule, mbio ni zilezile.

Kwa hiyo siku hizi naanza kwa kuandika shida yenyewe, ukurasa mzima, bila mzaha hata mmoja. Nikisoma nisiumie, nachana.

Mpangaji nilimwandika upya. Hajifichi tena. Anafungua mlango, "Shikamoo mzee, karibu ndani," anampa mwenye nyumba kiti chake pekee, yeye anakalia ndoo. Anauliza hali ya watoto, mmojammoja kwa jina. Kisha anainua chupa ya chai na kummiminia kikombe cha maji ya moto matupu, akiomba radhi kwamba leo majani hayakukolea.

Mwenye nyumba anatazama kikombe. Anatazama ndoo. Anakunywa funda moja, anasema chai nzuri, ila sukari imezidi kidogo.

Hapo ndipo ukumbi ulipoangua kicheko. Kodi hakuitaja mpaka alipofika mlangoni.